Jina la Droo ya Chini

Maneno yalitokeza ukutani yakiwa makubwa kama viganja vya mikono, meupe juu ya bluu, kila herufi imesimama wima bila haya: TAKATAKA ZA BIBI.

Mapazia ya chumba cha mikutano yalikuwa yamefungwa ili picha ya projekta ionekane vizuri. Wajumbe wa bodi walikaa upande mmoja wa meza, mafundi upande wa pili, na mbele ya kompyuta alikaa mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani yake kwa kamba shingoni. Karakana nzima ilimwita Bibi Jalada, kwa kuwa ndiye aliyetunza majalada ya wateja tangu watu waanze kufika pale kutengenezewa miguu na mikono ya bandia. Alikuwa amejizoeza wiki nzima kuuonyesha mfumo mpya. Alikishika kipanya kama mtu aliyeshika yai.

"Sasa mteja akija," alisema kwa sauti ya kusoma, "hatukimbilii tena kabatini. Tunafungua folda ya pamoja. Tuchukue mfano wa seremala wetu. Huyu ni mteja wa zamani, na michoro yake ya zamani haiingii kwenye folda za kawaida. Basi tunaingia hapa, kwenye Takataka za Bibi, halafu..."

Mtu alikohoa. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye suti ya kijivu, alisogeza kichwa mbele asome vizuri.

"Samahani. Inaitwaje hiyo?"

"Takataka za Bibi," Bibi Jalada akarudia, kwa utulivu wa mtu anayetaja jina la mtaa. "Ndilo jina lake kwenye mfumo."

"Na nani kalitoa jina hilo?"

Mwisho wa chumba, karibu na swichi ya taa, karani mpya alihisi damu yote ya mwilini ikimpanda usoni. Yeye ndiye aliyeujenga mfumo ule. Akaona miwani ya Bibi Jalada ikigeuka, ikimtafuta gizani, ikampata. Walitazamana kwa muda mfupi sana. Karani aliona kitu kikimtoka yule mwanamke usoni, taratibu, kama mwanga unavyotoka chumbani mtu anapopita na taa mkononi.

Kisha Bibi Jalada akamgeukia mwenyekiti.

"Mimi mwenyewe," alisema. "Nilikuwa natania, mheshimiwa. Si unajua, uzee na vituko vyake."

Chumba kizima kikacheka, kicheko cha watu waliofunguliwa vifungo vya shingo. Fundi wa viatu, kijana waliyembatiza jina la Soli, hakucheka. Alikuwa anavitazama viatu vyake mwenyewe. Karani alibonyeza swichi, taa ikawaka, na kila mtu akaonekana.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua mle ndani, isipokuwa wao wawili, ni kwamba Bibi Jalada alikuwa shangazi yake, dada wa damu wa baba yake. Tangu amalize chuo karani alikuwa akiishi kwake, akilala chumba cha mbele chenye dirisha lisilofunga sawasawa. Kazi ile aliipata kwa usaili kama wenzake, wala shangazi hakumsemea kwa mtu. Lakini alizijua ndimi za watu. Alijua watakavyosema kwamba amepitishwa mlango wa nyuma, na kwa kuwa alikuwa mtu wa aibu, asiyeweza hata kuagiza chai bila kujirudia rohoni mara mbili, aliogopa kusemwa kuliko alivyoogopa kukosa kazi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza alimwomba shangazi wafanye siri.

"Haya," shangazi alisema huku akicheka. "Tutacheza mchezo wa kujificha ukubwani. Kule mimi ni Bibi, na wewe ni binti. Hapa ni mwanangu. Si hivyo?"

"Si kwamba naona aibu, shangazi."

"Sikusema unaona aibu."

Kuanzia hapo shangazi alitangulia kutoka asubuhi, naye akafuata baada ya kuosha vyombo. Wakikutana mlangoni mwa karakana walisalimiana kama watu wanaopanga nyumba jirani.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hili lazima lisemwe. Kabla ya karani kufika, mteja aliweza kukaa kwenye benchi mpaka chai yake ipoe, Bibi Jalada akivuta droo moja baada ya nyingine, akilaumu mafundi waliorudisha majalada mahali pasipo pake. Karatasi nyingine zilipotea zisionekane tena. Karani aliziskani zote, akazipanga kwa majina, kwa miaka, kwa aina ya kiungo. Ikawa kupepesa jicho tu, taarifa iko mezani kwa fundi. Shangazi mwenyewe alikiri kwamba mfumo ule ungekuja mapema magoti yake yangekuwa mazima.

Tatizo lilikuwa mabaki. Katika majalada ya zamani kulikuwa na michoro ya nyayo iliyochorwa kwa penseli kwenye karatasi za khaki, picha za watoto wakisimama kwa mara ya kwanza, na vijikaratasi vya mwandiko wa shangazi: mguu wa kushoto unamchosha akipanda ngazi, huyu hapendi kuguswa goti kabla hajaambiwa. Vitu kama hivyo havikuwa na folda. Siku moja Soli alipita akaona rundo lile mezani.

"Hizi nazo unaziskani? Hizi si takataka za bibi yako?"

Alisema bibi yako kama watu wanavyosema kwa mzaha tu. Lakini karani alidhani Soli amegundua siri yao.

"Bibi yangu wapi!" alijibu upesi. "Huyo ni bibi yenu ninyi, mimi nimemkuta hapahapa." Na ili asibakize shaka, alicheka kuliko Soli, akafungua folda mpya, akaandika jina lile kwa herufi kubwa, wakacheka tena wote wawili. Alikusudia kulibadilisha kabla ya kwenda nyumbani. Jioni, akiwa na haraka, aliziburuta folda zote kwa mkupuo mmoja kwenye folda ya pamoja. Na ile ikaburutwa na wenzake.

Yeye hakuliona tena jina lile, kwa sababu hakuwa mtu wa kufungua folda. Aliandika jina la mteja kwenye kisanduku cha kutafutia, vitu vikaja vyenyewe. Shangazi hakukiamini kisanduku hicho. Alifungua folda moja baada ya nyingine kama anavyovuta droo, akisoma kila jina, na kila siku aliyokuja mteja wa zamani alipita palepale.

Baada ya wageni kuondoka, karani alibaki kwenye korido akikunja waya wa projekta. Mlango wa ofisi ya meneja ulikuwa wazi.

"Bibi, mimi na wewe tumetoka mbali," sauti ya meneja ilisikika. "Lakini utani wa namna ile mbele ya bodi? Watu wanakuja kuona tunavyowaheshimu wateja, wewe unawaonyesha takataka!"

"Umesema kweli. Nisamehe, meneja."

"Mambo mengine tuyaache nyumbani."

"Nimekuelewa, baba."

Angeweza kuingia. Hakukuwa na kizuizi chochote kati yake na mlango ule zaidi ya miguu yake mwenyewe. Aliukunja waya, akaukunjua, akaukunja tena, na viatu vya shangazi vilipoanza kusikika vikija, alijitia anatafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Alirudi mezani, akabofya, akafuta, akaandika. TAKATAKA ZA BIBI ikawa KUMBUKUMBU MAALUMU. Hakikubaki kitu, si doa wala mkwaruzo. Katika majalada ya karatasi jina lililokosewa hukatwa kwa mstari, na atakayefungua baada ya miaka bado atalisoma chini ya mstari huo. Kompyuta ina huruma yake: husahau palepale, tena haikuulizi sababu. Karani alilitazama jina jipya akisubiri kupata nafuu. Nafuu haikuja.

Jioni alimkuta shangazi amekaa kwenye kigoda jikoni, sinia la mchele magotini, akiondoa vijiwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Siku zote ilikuwa marahaba, mwanangu, na baada yake swali juu ya miguu, kama imechoka, na kama amekula mchana. Karani alisimama akisubiri maneno yaliyobaki. Vidole vya shangazi viliendelea kutembea juu ya mchele.

"Binti, nisogezee hilo bakuli."

Binti. Neno la ofisini, ndani ya jiko la nyumbani. Halikusemwa kwa ukali, na pengine ndiyo sababu lilimwingia kama mwiba mwembamba usioshikika kwa kucha. Alisogeza bakuli. Alijikaza kisabuni.

"Shangazi, leo kule..."

"Kule kumebaki kule," shangazi alisema bila kuinua macho. "Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Walikula wakizungumzia bomba la uani linalovuja. Shangazi alisema fundi bomba ni mwongo, karani akakubali kwamba ni mwongo. Hawakuwahi kukubaliana upesi hivyo juu ya mtu yeyote. Alipokwenda kulala alisikia shangazi akizunguka uani akifunga milango, mmoja baada ya mwingine, akajaribu na dirisha lile lisilofunga sawasawa, kwa nje, kama alivyofanya kila siku ili upepo usimpige. Karani akavuta shuka hadi usoni. Afadhali lingeachwa wazi.

Asubuhi iliyofuata yule seremala alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee mchangamfu, kiganja kigumu kama ubao, na mguu wake wa bandia ulilia kila alipoukanyagia.

"Mguu wangu umezeeka kabla yangu," alisema akijitupa kwenye benchi. "Nipeni mwingine, na safari hii uwe na adabu."

Fundi mkuu, aliyeitwa Fundi Goti kwa kuwa hakuna aliyemshinda kwa kutengeneza magoti, aliomba mchoro wa zamani wa wayo wa mguu mzima, ili aulinganishe na wayo wa sasa. Bibi Jalada alikaa mbele ya kompyuta. Mshale ulishuka, ukapanda, ukashuka tena.

"Binti, ile folda yangu siioni."

"Ipi, Bibi?" karani aliuliza, na papo hapo akajichukia, maana alijua ni ipi.

"Ile ya takataka."

Soli, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, alipaliwa.

"Nimeibadilisha jina. Siku hizi inaitwa Kumbukumbu Maalumu."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu jana."

"Aa." Bibi Jalada alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Sikuambiwa. Nimezunguka humu kama mgeni."

Karani aliinama juu ya bega lake, akaandika jina la seremala kwenye kisanduku, mchoro ukatokea. Lakini kioo cha skana kilikuwa kidogo kuliko karatasi ile ya khaki, na wayo ulikuwa umekatwa vidole.

"Mimi nina vidole!" seremala alilalamika kutoka kwenye benchi. "Mguu mmoja mmekwisha kuuchukua, na huo nao mnaupunguza?"

Watu walicheka. Fundi Goti akasema aletewe karatasi yenyewe.

"Iko droo ya chini kabisa," alisema Bibi Jalada. "Kainame wewe, binti. Magoti yangu leo yamegoma."

Kabati la chuma lilikuwa limesukumwa kwenye kichumba cha nyuma, kati ya magunia ya plasta na miguu ya mfano. Tangu mfumo mpya uanze karani hakuwa na sababu ya kuingia mle. Alipiga magoti mbele ya droo ya chini, akanyoosha mkono kuivuta, mkono ukaishia njiani.

Kwenye droo palibandikwa lebo mpya, karatasi nyeupe iliyokatwa kwa rula. Kwa wino wa bluu, kwa mwandiko ule wa shangazi uliolala upande mmoja kama majani yaliyopigwa upepo, na mstari umepigwa chini yake kwa unadhifu: Takataka za Bibi.

Akakumbuka. Ni yeye aliyebandika tangazo ukutani, wiki ya kwanza, akijiona mtaalamu: Jina la kwenye kompyuta na jina la kabatini yawe mamoja. Mafundi walilipita tangazo lile kama wanavyopita saa iliyokufa. Mtu mmoja tu alikuwa amelitii. Alikuwa ameketi na mkasi na gundi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, akapiga magoti yale mabovu juu ya sakafu hii, akabandika, pengine akarudi nyuma kidogo kutazama kama imenyooka.

Imenyooka sana.

Alipeleka ukucha kwenye pembe ya lebo. Karatasi ilikubali kidogo, halafu ikachanika. Akavuta pembe nyingine, ikachanika nayo. Gundi ilikuwa ya karakana, ile inayoshika ngozi na mbao. Alikwangua kwa vidole vyote, haraka, akihema, vipande vyeupe vikimwangukia mapajani, na kadiri alivyokwangua ndivyo neno lile la kwanza lilivyozidi kuonekana limejeruhiwa, lakini likisomeka.

"Fundi Goti anauliza, hiyo karatasi unaichora upya?" Ilikuwa sauti ya Soli. Akaona. "We! Unafukua nini hapo?"

Nyuma ya Soli alisimama Bibi Jalada, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, na nyuma yake meneja aliyekuwa akipita na kikombe chake akasimama kutazama kuna nini. Karani alibaki amepiga magoti. Kucha zilikuwa zinamuuma. Alitamani sakafu ipasuke, na sakafu ikabaki sakafu.

"Shangazi," alisema, "ni mimi niliyeandika."

Neno lilitoka dogo, lakini kichumba kile kilikuwa kidogo pia, likajaa.

"Shangazi?" Soli aliuliza. "Shangazi wa nani?"

"Wangu. Dada wa baba yangu. Naishi kwake." Alikuwa anaitazama droo, si watu. "Nilimwomba asiwaambie. Na lile jina nililiandika mimi. Jana nilikuwa kwenye korido, meneja, nilikusikia unavyomsema. Nikanyamaza."

Meneja aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimetumbukia. "Basi jana mimi nimemgombeza nani?"

"Umenigombeza mimi," alisema Bibi Jalada, "na sikufa."

"Na mimi nilicheka," Soli akasema polepole. "Siku ile. Nilianza mimi."

"Jamani," seremala aliita kutoka nje, "mimi nasubiri mguu tu, lakini mkimaliza kesi mniambie nani kashinda."

Hakuna aliyecheka, ila meneja alipata sababu ya kuondoka, na Soli akapata sababu ya kumfuata. Shangazi aliingia. Alisimama juu yake, akaitazama lebo iliyochubuka, kwa muda.

"Unajua mimi nilidhani nini?" alisema. "Si kuna kile kipicha cha kindoo cha takataka pale pembeni mwa kioo cha kompyuta? Nikadhani ni ndugu yake. Nikasema, labda ndivyo wanavyoviita vitu vya zamani huko kwenye mambo yenu. Wala sikuumia. Kila siku nasoma, napita." Alivua miwani. "Mpaka jana nilipokutazama."

Karani alifungua kinywa. Maneno yote aliyoyapanga usiku, ya kuomba, ya kueleza, yalikuwa yamepangwa kwa utaratibu mzuri, na hakuliona hata moja.

"Gundi hii haitoki kwa kucha," shangazi alisema. "Weka kitambaa chenye maji. Uisubiri."

Akainama kwa shida, akilishika bega la karani ili asianguke, akaivuta droo, akautoa mchoro wa seremala. Mkono ulikaa begani kidogo zaidi ya haja yake, au karani alidhani hivyo. Kisha shangazi akaenda zake na karatasi ile ya khaki, wayo mzima, vidole vyote.

Karani alileta kitambaa na maji. Alikibana juu ya lebo kwa kiganja, akasubiri, maji yakimtiririkia ndani ya mkono wa blauzi. Wino wa bluu ulianza kulegea. Lebo ilipotoka iliacha mstatili mweupe kwenye rangi ya chuma, safi kuliko kabati lote, na mtu yeyote angejua kwamba hapo palikuwa na kitu. Alikata karatasi nyingine kwa rula, akatoa kalamu. Kwenye kompyuta angeandika lolote, na lisipofaa angefuta. Hapa alishika kalamu juu ya karatasi, nayo karatasi ikabaki tupu.

Kutoka chumba cha mafundi ilisikika nyundo ndogo ya Fundi Goti, na seremala akihesabu vidole vyake kwa sauti ili aridhike. Kisha sauti ya shangazi ikamwita. Haikusema binti, wala haikusema mwanangu.

"Wewe! Njoo umshike mzee, anataka kusimama."

Aliisikiliza sauti ile. Haikuwa ya ofisini wala haikuwa ya nyumbani. Akainuka na kalamu mkononi, bila kuifunga, akaenda.